Poti namba 100

Najua nimeadimika. BTP ilinimeza mzima mzima, nikarudi chuo nikakuta ripoti, semina na majaribio mawili yananisubiri mlangoni kama wadai. Leo nimekaa kwenye kimbweta na daftari langu la field, nataka niwasimulie kitu kilichonitoa jasho kule, halafu niwapeleke kwenye historia yake. Wale wa somo langu la kwanza, Historia, msikimbie. Hii ni historia halali kabisa, ina tarehe na kila kitu. Ila wafalme wake ni vipande vya silikoni.

Shule niliyopangiwa ina maabara yenye kompyuta kumi na moja, zinazowaka ni nne. Moja ni zee haswa, nyuma lina ule mlango mpana wa printa wenye matundu 25 ambao siku hizi ni adimu. Linaendeshwa na Linux. Mimi nikaona bahati hiyo! Kwenye mlango ule unaweza kuunga taa nane ndogo za LED, ukaandika programu fupi ya lugha ya C, na mwanafunzi akiandika namba anaona sifuri na moja zake zikiwaka mbele ya macho. Ukiandika 255 zinawaka zote nane. Ukiandika 254, zote isipokuwa ya kwanza. Hakuna ubao unaoweza kufundisha namna hiyo.

Programu nikaiandika usiku kwa kudesa kwenye karatasi za zamani. Kuijaribu, ikafa hapo hapo: "Segmentation fault". Nikaingia kama mtumiaji mkuu, yule anayeitwa root, ikakubali vizuri tu. Basi nikafanya kile ambacho mvivu yeyote angefanya. Asubuhi nikaliacha zee limeingia kama root, wanafunzi wapite mmoja mmoja, programu iwaulize "poti gani?" na "namba gani?". Jibu la swali la kwanza ni 888. La pili unachagua mwenyewe.

Nilichosahau ni kwamba mwalimu wa darasa la Kidato cha Pili alikuwa akilitumia zee hilo hilo kuingiza alama za mitihani ya nusu muhula. Dirisha lake lilikuwa wazi, hajasevu, ameitwa kikaoni.

Binti mmoja wa Kidato cha Tatu akafika zamu yake. Akaweka 254, taa saba zikawaka, darasa likashangilia. Akageuka: "Ticha, lazima iwe 888? Nikiweka 100 je?" Mimi, mtaalamu wa kufundisha kwa vitendo, nikamwambia jaribu tu, ndiyo kujifunza. Akaandika 100, halafu 254 tena. Kioo kikawa cheusi ghafla, mashine ikaanza kujiwasha upya. Alama zote kwaheri.

Mwalimu mwenye alama hakunigombeza. Alinisogezea tu lile rundo la karatasi, nami nikakaa nalo mpaka usiku. Kilichoniuma si hicho. Yule binti alinifuata ofisi ya walimu, akapiga goti, akaniomba msamaha. Yeye aniombe mimi! Na wiki mbili zilizofuata alikuwa anakaa nyuma kabisa, kibodi hagusi, anasema yeye "huharibu". Nikimwambia si kosa lako ananiangalia tu, maana sikuwa na jibu la swali linalofuata: kama si langu, la nani? Ndipo nikaanza kuchimba.

Kwanza tuelewane poti ni nini. Hapa sisemi lile tundu unalochomeka flashi, wala namba za mtandaoni, wala bandari ya Dar. Prosesa za ukoo wa Intel zina amri mbili, IN na OUT, za kuongea na vifaa kwa namba. Namba hizo ni kuanzia 0 hadi 65,535, na kila kifaa kinasikiliza zake. Spika ndogo ya ndani inasikiliza 97. Mlango wa printa mara nyingi ni 888. Kibodi ina 96 na 100. Sasa sikilizeni kichekesho: ile chipu ya kibodi ndiyo iliyopewa pia kazi ya kushika waya wa kuirudisha prosesa mwanzo. Ukipeleka 254 kwenye poti 100 umeuvuta huo waya. Linux yenyewe ina njia ya kujizima na kujiwasha inayofanya hivyo hivyo. Binti hakuharibu kitu jamani, alitoa amri sahihi kabisa na mashine ikaitii. Alikisia namba mbili tu kati ya nyingi!

Kwa hiyo swali la kihistoria ni hili: nani anaruhusiwa kusema IN na OUT?

Msidhani zamani watu hawakulijua tatizo. IBM walipotangaza System/360 mwaka 1964, prosesa yake ilikuwa na hali mbili, ya msimamizi na ya programu ya kawaida, na amri za kuamsha vifaa zilikuwa za msimamizi peke yake. Programu yako ikitaka kusoma tepu, inapiga hodi, msimamizi anaisomea. Ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu mashine moja ilikuwa na kazi za watu wengi na hakuna aliyetaka hesabu za mwenzake zimwagike.

Halafu zikaja kompyuta ndogo, na elimu ile ikaachwa nje mlangoni. Intel 8086 ya mwaka 1978 haikuwa na hali mbili. Ndugu yake 8088 ndiyo iliyowekwa kwenye IBM PC mwaka 1981. Humo programu yoyote ilikuwa mwenye nyumba. Hata lugha ya BASIC iliyokuja na mashine ilikuwa na amri ya OUT, mtoto angeweza kuichezea spika. Wengi waliokulia enzi za DOS wanazikumbuka kwa mapenzi, na siwalaumu. Ukitaka kujua kifaa kinafanyaje kazi ulikuwa unakigusa mwenyewe, huombi ruhusa kwa mtu. Kama mwalimu mtarajiwa naona wivu kabisa. Lakini mashine ilikuwa ya mtu mmoja na programu moja kwa wakati mmoja, ukiiangusha umejiangusha mwenyewe. Hakuna alama za Kidato cha Pili kwenye dirisha la pembeni.

Mwaka 1982 Intel walitoa 80286, na hapa ndipo kufuli lilipokuja. Prosesa hii ilikuwa na ngazi nne za madaraka, 0 hadi 3. Kerneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi, inakaa 0, watu wa kawaida 3. Ndani ya rejista ya hali wakaweka biti mbili zinazoitwa IOPL: zinasema ngazi gani ndiyo ya mwisho kuruhusiwa IN na OUT. Ukiwa chini ya hapo ukijaribu, prosesa inakukamata na kukukabidhi kwa kerneli. Tatizo ni kwamba biti hizo ni za yote au hakuna. Ukimfungulia mtu kwa IOPL, umemfungulia poti zote 65,536, na juu yake umempa ruhusa ya kuzima vikatizo, zile ishara za vifaa zinazoirudisha kerneli kazini. Mtu akivizima asiviwashe, mashine inaganda kama jiwe.

Miaka mitatu baadaye, 1985, ikaja 80386 na dawa ya hilo. Kwangu mimi huu ndio ukurasa mtamu kuliko yote. Walichora ramani: kila poti biti yake moja. Biti ikiwa 0 pita, ikiwa 1 umekatazwa. Poti 65,536 gawanya kwa 8 unapata baiti 8,192, basi. Kerneli inaweza kuishikiza ramani hiyo kwa kila kazi inayoendeshwa, hivyo ikasema: huyu apite 888, 889 na 890 tu, kwingine kote marufuku. Kama ningekuwa nimeisoma hii kabla ya ile Alhamisi...

Sasa kufuli lipo, ramani ipo, tungetegemea historia iishie hapo. Wapi! Watu wengi walinunua 286 na 386 wakaziendesha DOS kama 8086 yenye mbio. Milango ya chuma imewekwa, wenyewe wanalala wazi.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, ana miaka 21 (rika letu wadau, mjitafakari), akaanza kuandika kerneli yake kwenye 386 aliyoinunua mwaka huo huo. Mwaka 1992 Orest Zborowski akaleta mfumo wa madirisha wa X kwenye Linux, na si ajabu basi kwamba faili la kerneli linaloshughulikia ramani za poti lilimtaja yeye, kwa jina la "obz", kuwa mwandishi wake, na marekebisho ya Linus. X ilitaka kuongea na kadi ya video moja kwa moja.

Linux ikawa na njia mbili. Ya kwanza ni ioperm: unataja poti na idadi, kerneli inafuta biti hizo tu kwenye ramani yako. Ya pili ni iopl: ukiomba 3, umepewa kila kitu. Zote mbili zinahitaji uwe mtumiaji mkuu wakati wa kuomba. Inaonekana safi, lakini kulikuwa na kasoro. Ili kubana nafasi ioperm iliishia kwenye poti 1,024 za mwanzo tu, kwa kuwa kadi za IBM PC ya kwanza zilitumia hizo. Kadi za baadaye zikaenda mbali zaidi ya hapo. Ukitaka hata poti moja iliyo juu ya 1,023, ilibidi uchukue iopl, yaani zote. Umeomba ufunguo wa chumba kimoja cha hosteli, umepewa wa jengo zima na wa jenereta! Hili lilikaa mpaka toleo la 2.6.8 mwaka 2004, ambapo ioperm iliweza kutaja poti zote 65,536.

Upande wa Microsoft, Windows NT ya mwaka 1993 ilifunga kabisa. Programu ya kawaida haigusi poti, lazima upitie draiva. Ni sahihi, ila fikiria maumivu ya mafundi wenye vifaa vya maabara waliozoea DOS. Mwaka 1996 Dale Roberts akaandika makala kwenye jarida la Dr. Dobb's akionyesha namna ya kutumia ile ramani ya 386 ndani ya NT kwa kazi zilizokuwa hazijaelezwa kwenye vitabu rasmi. Akaambatanisha kidraiva kifupi, giveio. Jina lenyewe linasema: nipe. Na kilitoa poti ZOTE kwa programu iliyoomba, ingawa ramani iliruhusu kuchagua tatu tu. Kidraiva hicho kikaenea sana. Simcheki mtu hapa, nami nilifanya hivyo hivyo kwa root.

Wale waliotumia Windows 95 na 98 walikuwa na hali nyingine. Huko ngazi 0 na 3 zilikuwepo kwa jina, lakini jedwali linalomwambia prosesa aende wapi kikatizo kikija liliweza kuandikwa na programu ya kawaida. Mwanafunzi wa Tatung kule Taiwan, Chen Ing-hau, aliandika kirusi cha baiti kama elfu moja tu kilichoingia kupitia jedwali hilo mpaka ngazi 0. Kinaitwa CIH, herufi za jina lake. Kilisambaa mwaka 1998, kikalala. Tarehe 26 Aprili 1999 kikaamka. Sisi siku hiyo tulikuwa tunasherehekea Muungano, wenzetu Asia wanawasha kompyuta haziwaki. Kilifuta mwanzo wa diski, halafu kwa kutumia poti 3,320 na jirani zake kikaondoa ulinzi wa chipu ya Baiosi kwenye baadhi ya mashine na kuandika takataka humo. Hiyo si ya kurekebisha kwa kuweka upya Windows. Chipu ilibidi ing'olewe au ubao mzima ubadilishwe. Kwenye NT hakikufua dafu. Prosesa ileile, kufuli lilelile, tofauti ni kwamba huku mtu aliligeuza.

Naruka kidogo, maana foleni ya chakula inaanza. Mwaka 2006 mtafiti wa Ufaransa, Loïc Duflot, alionyesha kitu kilichowashtua hata watu wa OpenBSD, wanaosifika kwa kufunga milango. Bado X ilikuwa inapewa poti kwa ajili ya kadi ya video. Akaonyesha kwamba anayeshika haki hizo za X anaweza, kwa poti hizo na kipande cha kumbukumbu cha video, kuingia kwenye hali ya siri ya prosesa iliyo chini hata ya kerneli, na kutoka huko akiwa mkubwa kuliko kerneli. Ukishatoa poti zote hujui umetoa nini. Dawa halisi ilikuwa kuirudisha kazi ya kadi ya video ndani ya kerneli. Linux walianza hilo na kadi za Intel kwenye 2.6.29, mwaka 2009.

Na iopl? Ilibaki muda mrefu kwa sababu programu za zamani ziliihitaji. Toleo la 5.4, Novemba 2019, lilileta hali ya kufunga ambapo ikiwashwa hata root ananyimwa poti. Toleo la 5.5, Januari 2020, Thomas Gleixner akaifanyia upasuaji: ukiomba iopl bado unapata poti zote, lakini kwa kupewa ramani iliyojaa sifuri, na ile ruhusa ya kuzima vikatizo ndiyo kwaheri. Yaani ramani ya 1985 hatimaye ikachukua kazi ya biti za 1982. Miaka 35! Na hata upasuaji huo uliacha jeraha: Julai 2020 iligundulika kwamba kwenye baadhi ya mashine za Xen, ramani ya kazi moja ilibaki mezani ikatumiwa na kazi inayofuata.

Haya, nirudi shuleni. Wiki ya mwisho ya BTP niliiandika upya ile programu. Mistari iliyoongezeka haifiki kumi. Inaanza kama root, inaomba ioperm kuanzia 888, poti tatu tu, halafu papo hapo inavua uroot na kubaki mtu wa kawaida. Ndipo inauliza poti gani. Zee nikaliingiza kwa jina la mwanafunzi. Safari hii pia nilipita kwa mwalimu wa Kidato cha Pili: "Shikamoo mwalimu, umesevu?" Akacheka mpaka akashika meza.

Nikamwita yule binti mbele, nikamwomba arudie 100 na 254. Hakutaka. Nikawaeleza darasa zima kwamba siku ile yeye alitoa amri sahihi na mwalimu wao ndiye aliyesahau kufunga, na nikachora ramani ya 386 ubaoni, vyumba 65,536, vitatu vina alama ya sifuri. Akaja, akaandika kwa kidole kimoja, akafumba macho kabla ya kubonyeza.

"Segmentation fault". Zee likaendelea kunguruma, taa saba za zamani bado zinawaka.

Akafumbua. Akaandika 97. Ikakataa. 96. Ikakataa. 889, ikanyamaza bila kulalamika. Akageuka: "Ticha, hii imekubali. Huku kuna nini?"

Kengele ikalia. Hakuna aliyetoka.